Nyoka weupe wa baba yangu, na wale waliosema "kwetu hakuna"

Wakuu, salaam zenu. Wajukuu zangu humu, marahaba kwa mlioamkia na hata kwa msioamkia.

Sijawahi kuanzisha uzi. Huwa nasoma, nacheka, nazima simu. Lakini wiki hii mmenikera, na nitaandika mpaka niishe. Haya ninayosema nimeyaona mwenyewe au nimeambiwa na aliyeyaona. Na pale nilipokosa mimi, nitasema nilikosa mimi.

Kuna kijana kaweka picha ya nyoka mweupe, macho mekundu, kajiviringisha kwenye kiganja. Anasema anawazalisha mwenyewe nyumbani, anachagua nani apandwe na nani ili rangi itoke anavyotaka. Mmemsifu. Sina neno. Ni kazi ya akili, naijua.

Halafu mmoja wenu akakoment: "Huyo si nyoka, ni zeruzeru. Muulizeni mama yake alilala na nani."

Na mkalaiki. Wengi tu.

Basi kaeni chini niwaambie. Mimi ndiye huyo mama.

Baba yangu alikuwa mhudumu wa maabara kwenye shule moja hapa Kibaha. Si mwalimu. Anaosha vioo, anatia vyura kwenye dawa, anafunga madirisha jioni. Tulikaa Tangini, nyumba ya udongo na bati, na nyuma kulikuwa na banda la kuku lisilo na kuku.

Mle ndimo alimofuga nyoka.

Ilianza hivi. Wakulima wa Pangani (hii Pangani yetu ya Kibaha, msikimbilie Tanga) walileta gunia pale shuleni. Ndani kulikuwa na nyoka mmoja wa aina ile ya kahawia, asiye na sumu, anayeingia ghalani kufuata panya. Ila huyu hakuwa wa kahawia. Alikuwa mweupe mwenye wekundu kwa mbali, kama kucha ya mtoto, na macho kama punje za komamanga.

Walitaka mwalimu wa bayolojia awaambie kama ni shetani.

Mwalimu akataka kumtia kwenye chupa ya dawa. Baba akasema, "Nipe siku mbili, mwalimu, nimtazame kwanza."

Siku mbili zikawa miaka.

Alimwita Bi Harusi. Akamtafutia dume la kahawia, akawaweka kasha moja. Bi Harusi akataga, mayai laini kama ngozi, yakakaa kwenye mchanga wenye unyevu zaidi ya miezi miwili. Yalipoanguliwa, vitoto vyote vilikuwa vya kahawia. Vyote.

Baba hakula siku ile. Alidhani ameua weupe.

Mwalimu alipokuja kuona alicheka. "Salehe, haujafa. Umejificha. Hao watoto kila mmoja kaubeba ndani. Wakikua, wapandishe ndugu kwa ndugu, utauona unatoka."

Ilichukua zaidi ya mwaka. Mimi nilikuwa Form Three. Siku hiyo asubuhi nasikia baba anapiga kelele bandani kama kaumwa. Nikakimbia. Yai la kwanza limepasuka, na kichwa kinachochungulia ni cheupe.

Yalikuwa mayai kumi na moja. Mawili yalioza. Saba wa kahawia, wawili weupe. Na baba na mama yao wote wawili wa kahawia, tena waliokolea.

Baba alikuwa na daftari. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, kwa hiyo mwandishi nikawa mimi. Duara lililojazwa wino lote ni nyoka wa kahawia. Duara tupu ni mweupe. Duara lililojazwa nusu ni yule ambaye nje ni wa kahawia kama wenzake, lakini ndani kabeba weupe. Mistari inatoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Na yai lililooza ni duara lenye msalaba ndani.

Nilimuuliza siku moja, "Baba, haya yaliyooza tunayaandika ya nini?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Kwani hayakutagwa?"

Likumbukeni hilo jibu.

Aliendelea. Akawa anachagua weupe kwa weupe, wengine wakatoka na umanjano mgongoni, wengine weupe wa maziwa kabisa. Daktari mmoja mgeni aliomba wawili akawafuge sebuleni kwake, baba akavaa shati la Idi kumpelekea. Lakini kila alipozidi kuwapandisha ndugu kwa ndugu, mayai ya misalaba yaliongezeka. Akazaliwa mmoja mgongo umepinda, hakuweza hata kumeza kitoto cha panya.

Baba alisema, "Ukiwaoza ndugu kwa ndugu, kilichojificha kinatoka. Chote. Kizuri na kibaya."

Hilo nalo likumbukeni.

Nilimaliza Form Four. Nikaolewa na Shabani. Alikuja Kibaha kwenye kozi fupi ya ufugaji wa kuku, kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, mcheshi. Kwao Maneromango, kusini ya Kisarawe huko, ambako mvua ikinyesha lori halipiti na isiponyesha linazama mchangani.

Nilimpenda. Siwezi kudanganya kwa sababu tu nina hasira.

Mimba ya kwanza nilirudi kwetu Tangini kujifungua, kama desturi. Mgongo wa baba ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo mimi na tumbo langu ndio tuliolisha nyoka na kubadilisha mchanga. Sikuona tabu. Nimewazoea tangu nasoma.

Akazaliwa Hawa.

Mkunga aliyempokea alinyamaza, na mkunga akinyamaza mama anajua. Mama yangu akamfunika haraka. Nikasema, "Mfunueni nimwone mwanangu." Mweupe. Nywele kama nyuzi za mahindi machanga. Macho yanakimbia mwanga.

Baba alipoletewa mtoto alimtazama muda mrefu, akakaa chini sakafuni. Akasema, "Ni mimi au ni mama yako." Kisha akasema, "Na Shabani pia."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Maduara yale nimeyachora mwenyewe. Nusu na nusu, kisha tupu.

Mnaona? Mtu hakusoma zaidi ya darasa la nne, na la kwanza alilofanya ni kujitaja yeye.

Shabani alikuja siku ya saba. Alimtazama mtoto kwa mbali, mikono nyuma. "Huyu wa nani?"

"Wako na wangu."

Hakumshika.

Nilirudi naye Maneromango. Nikakaa mwaka mzima na zaidi. Wanawake wenye mimba wakipishana na mimi wanajitemea mate kifuani, wasije wakazaa kama wangu. Wanafanya huku wananisalimia, "Hujambo mama Hawa," ptu. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alimpikia Hawa uji, sikatai, lakini bakuli alilisukuma kwa mguu.

Wakati ule vijiji vilikuwa vimeshakusanywa na kulikuwa na shamba la kijiji. Balozi wa nyumba kumi anahesabu vichwa asubuhi. Hukuja, unaandikwa mvivu. Nilimbeba Hawa mgongoni juani, nikamfunika kwa khanga, jua likapita kwenye khanga. Mabega yakatoka malengelenge. Niliomba niwe nalima jua likishapungua, balozi akanijibu mbele za watu, "Wewe umesoma, panga ratiba na jua."

Watu wakacheka. Nikawa namlaza chini ya mkorosho kwenye tenga, nalima huku shingo imegeuka.

Wakati wote huo nilikuwa nataka kitu kimoja tu, wakuu. Sikutaka wampende. Nilitaka Shabani ambebe mwanawe mbele za watu, mara moja, aseme huyu ni wangu. Basi. Kwa sababu mtoto asiyesemewa na baba yake pale kijijini ni mali ya yeyote mwenye neno la kusema. Na maneno yalikuwa yameanza. Watu walikuwa wanasema zeruzeru hawafi, wanatoweka tu. Bi Tatu alilisema hilo huku anamtazama Hawa.

Mimi na cheti changu nikajiambia, hawa hawajui. Wakionyeshwa, watajua.

Huo ndio ujinga wa mtu aliyesoma kidogo. Nilidhani tatizo ni kutojua.

Nikaenda Kibaha, nikamwambia baba. Akanichagulia watatu: dume la kahawia, jike la kahawia, na mtoto wao mweupe. Tukawatia kwenye kapu la ukindu, mdomo umeshonwa kwa uzi. Kutoka Kibaha mpaka Dar, Dar mpaka Kisarawe, Kisarawe juu ya lori. Utingo ananiuliza, "Mama, una nini humo?" Namwambia vifaranga. "Mbona havilii?" "Vimelelewa vizuri." Abiria wakacheka na mimi nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilicheka mwaka ule.

Walikaa uani: Shabani, Bi Tatu, na mjomba wake Shabani, yaani kaka yake Bi Tatu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Hawa nilikuwa nimembeba.

Nikafungua kapu. Nikawaeleza, taratibu, kwa heshima, kama mwalimu alivyomweleza baba. Huyu baba, wa kahawia. Huyu mama, wa kahawia. Huyu mtoto wao, mweupe. Jike halikutoka nje ya kasha, funguo anayo baba yangu. Weupe ulikuwa umejificha kwa baba na kwa mama. Wote wawili. Ukiwa kwa mmoja tu, hautoki.

Mjomba akajikohoza. "Kwa hiyo mkwe wetu, unasema Shabani ni nyoka?"

Vicheko mpaka nje ya ua.

"Nasema anacho, mjomba, kama mimi nilivyo nacho. Kimetoka kwa wazee wake."

Bi Tatu ndiye aliyeacha kucheka. Alisema maneno mawili. "Kwetu hakuna."

"Mama, labda zamani..."

"Kwetu. Hakuna."

Kisha akaniuliza, sauti laini kabisa, "Mama Hawa, hebu niambie. Ulipokuwa na mimba kwa baba yako, nyoka hawa uliwaona?"

Ningeweza kunyamaza. Nikajibu kama niko kwenye mtihani. "Ndiyo mama. Nilikuwa ninawalisha."

"Hawa weupe?"

"Ndiyo."

Akapiga makofi mara moja, akawageukia wenzake. "Si amejibu mwenyewe?"

Basi. Kesi imekwisha. Mwanamke mwenye mimba akipishana na zeruzeru bila kutema mate, mtoto anachukua. Mimi sikupishana. Nilikuwa nawashika kwa mkono, nawalisha panya, na mate sikutema. Ushahidi niliubeba mwenyewe kwenye kapu kutoka Kibaha.

Mjomba akasema, "Aende kwao. Shabani tutamwoza kwa ndugu. Damu tunayoijua."

Shabani akainuka. Mwenzenu nikadhani anakuja kumchukua mtoto. Alichukua mchi. Akaanza na yule mweupe.

Sitaeleza. Nyoka wa watu, wamezaliwa kwenye mkono wa baba yangu, hawajui kukimbia mtu. Walikuwa wanamfuata kwa joto lake.

Talaka ilinifuata Kibaha kwa barua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Hapa nimefuta mara tatu.

Ilipita kama miezi minane. Zama zile za shida, vita vya Kagera vimeisha na madukani hamna kitu. Nilikwenda Kisarawe kufuata vyombo vyangu vilivyokuwa vimeachwa kwa jamaa. Nikapita duka la ushirika, kuna foleni ya khanga, nami nikapanga. Mbele yangu kuna msichana, mdogo, miaka kumi na saba hivi. Akageuka akanitazama, akamtazama Hawa.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye mama Hawa?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mimi Zaituni. Ninaolewa na Shabani."

Alikuwa mtoto wa yule mjomba. Binamu yake Shabani, babu mmoja, bibi mmoja. Ile damu wanayoijua.

Alikuwa amekuja kupanga foleni ya khanga za harusi yake mwenyewe. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Akainama karibu, akaniuliza kama anayeuliza dada yake, "Dada, eti kweli ulikuwa unafuga nyoka? Na eti ulisema weupe unajificha kwenye damu?"

Wakuu, nilijua. Pale pale niliona daftari. Kama Shabani ni nusu, kapata kwa mzazi wake mmoja. Kama kapata kwa Bi Tatu, basi kaka yake Bi Tatu huenda naye anacho, na binti yake huyu huenda naye anacho. Ndugu kwa ndugu. Baba yangu alipotaka weupe utoke alifanya hivyo hivyo. Wale walitaka weupe usitoke, wakafanya yale yale.

Ningemwambia. Maneno manne: usiolewe na ndugu yako. Au hata kama ataolewa, ningemwambia ukizaa mweupe si laana, mshike, kimbia, njoo kwangu.

Nilikumbuka mchi. Nikamwambia, "Nenda kaolewe. Utaona mwenyewe."

Akarudisha uso mbele. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na shanga nyekundu moja. Mpaka leo naiona ile shingo.

Khanga hazikututosha. Ziliisha kabla hatujafika.

Mwaka uliofuata habari ikafika Kibaha. Zaituni kajifungua. Aliyeileta alikuwa mwuza mihogo wa Kisarawe, akaisema kama anavyosema bei ya mihogo. "Mtoto katoka mweupe kama wako. Lakini hakuishi. Alizaliwa amekufa." Halafu akaongeza, "Na wewe wanasema ndiye uliyemroga. Kwamba ulimwambia ataona."

Niliingia ndani nikakaa na Hawa mapajani. Nilikuwa na hasira na kila mtu, nikawapanga mmoja mmoja: Bi Tatu, mjomba, Shabani, balozi. Nilipofika mwisho wa foleni nikajikuta nimesimama mimi.

Hawakuniroga wala sikumroga mtu. Lakini nilijua nikanyamaza. Mnipe jina la hicho kitu, mimi nimelikosa.

Miaka miwili tena. Banda la baba likawa tupu. Kizazi cha mwisho mayai yote yalioza, na Bi Harusi mwenyewe alikufa kwa uzee, baba akamzika nyuma ya banda akasema ni mbolea, huku anajifuta macho.

Asubuhi moja nafagia uwanja, naona mwanamke anakuja, khanga imechanika, miguu ina vumbi mpaka magotini. Kifuani kuna kitu kimefunikwa gubigubi.

Sikumtambua mpaka aliposema.

"Dada. Ulisema nitaona. Nimeona."

Ilikuwa ni ile shingo.

Akafunua. Mtoto wa siku tisa. Mweupe.

Nikamkaribisha ndani, mama akachemsha maji. Hakutaka kula. Alisema, "Nimekuja unionyeshe wale nyoka. Ninataka kujua kama ni mimi."

Nikamwambia nyoka hawapo. Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yanamwagikia mtoto. Katembea, kadandia lori, kalala kwenye vibaraza vya watu, kwa sababu ya nyoka, na nyoka hawapo.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari na penseli.

Zaituni alikuwa kasoma kisomo cha watu wazima, herufi anazijua. Nikamwonyesha Bi Harusi, na wale saba na wawili. Nikamwonyesha nusu na nusu. Alielewa haraka kuliko Shabani, haraka kuliko mimi nilipokuwa Form Three. Akaweka kidole kwenye duara la nusu akasema, "Huyu hajui kama anacho."

"Hajui."

"Na si kosa lake."

"Si kosa lake."

Nikafungua ukurasa mpya. Nikachora watu. Shabani, nusu. Mimi, nusu. Hawa, tupu. Zaituni, nusu. Mtoto wake huyu aliyemlaza mapajani, tupu. Juu yao Bi Tatu na kaka yake, yule mjomba, kila mmoja nusu. Juu yao wazazi wao.

Zaituni akasema, "Subiri. Hapo kati ya Bi Tatu na baba yangu kuna mtu."

"Nani?"

"Kulikuwa na mwingine kati yao. Baba aliniambia nilipokuwa na mimba hii. Alikuwa mweupe. Alitoweka angali mchanga."

Nikaiweka chini penseli.

Kwa hiyo Bi Tatu alijua. Alipokaa pale uani akasema "kwetu hakuna," hakuwa anadanganya. Hakuna kweli. Walihakikisha hakuna.

Nilitaka kutukana. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Zaituni alikuwa bado anatazama karatasi. Anapitisha kidole kutoka kwenye jina lake kwenda chini, kwa mtoto wake, na kurudi juu, na kwenda chini tena.

Akaniuliza, "Na yule wa kwanza umemwandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika. Mimi, mwandishi wa baba yangu.

"Waliniambia alizaliwa amekufa," nikasema.

"Alilia," Zaituni akasema. "Nilimsikia. Alilia mara mbili. Wakamtoa nje kumwosha."

Mama yangu alikuwa ameshika sufuria, akabaki ameishika.

Niliichukua penseli, nikaiweka tena. Zaituni akaichukua. Alichora polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa shule, duara moja, akaliacha tupu. Akalivutia mstari mpaka kwake, na mstari mpaka kwa Shabani. Akageuka kwa baba yangu.

"Mzee, waliokufa unawaweka msalaba?"

Baba akasema, "Wale walikuwa mayai, mwanangu. Huyu mwache hivyo hivyo."

Akaliacha. Akasema, "Alikuwa wa kike."

Zaituni hakurudi Maneromango. Tulikaa naye Tangini miaka, watu wakituita wake wenza wasio na mume, tukicheka. Mtoto wake alikua na wangu, kivulini, kofia za ukili kichwani. Hawa yupo, wakuu. Alikatwa kipande cha sikio kwa kidonda cha jua, macho hafifu, lakini yupo, na ndiye aliyenionyesha ile koment yenu. Aliisoma simu ikiwa imegusa pua. Akanirudishia akasema, "Mama, bado wanauliza." Basi.

Shabani alikufa bila kumbeba.

Daftari ninalo. Karatasi imekuwa njano na penseli inafifia, mara kwa mara napitisha tena juu ya mistari. Lile duara la Zaituni sipitishi. Nikiligusa nahisi nitaliharibu.

Nilichojifunza ni kidogo. Rangi huwa haitokei upande mmoja, kwa hiyo mwanaume anayeuliza "huyu wa nani" aanze kwa bibi yake. Na ukijua jambo la kumwokoa mtu, mwambie hata kama ukoo wake umekuvunja moyo. Mimi nilingoja hasira ipoe kwanza. Ilipopoa, mtoto alikuwa ameshalia mara mbili.

Kijana wa nyoka, endelea na kazi yako, ni nzuri. Ila usiwapandishe ndugu kwa ndugu mpaka mwisho, wataoza. Na andika mayai yote.

Ninyi wengine, sitaki pole. Nataka hiki: kama kwenu kuna aliyetajwa mara moja tu kwa sauti ya chini, mkaambiwa alitoweka, andika hapa. Kama alikuwa na jina, weka jina. Kama hakupewa, sema wa kike au wa kiume, na alikuwa kati ya nani na nani.

Naanza mimi.

Wa kike. Wa kwanza wa Zaituni.